Neno "Sisi" Kwenye Ngazi

Watoto wangu, kabla hamjasoma zaidi, nendeni mkachukue daftari lenu la biolojia. Kama rafiki ameliazima, mfuateni kwao. Kama mama amelichana akafungia karanga sokoni, basi mmepona, na mimi hamnihitaji tena. Wengine liwekeni hapo mezani na msilifungue bado. Nimefundisha biolojia hapa Kamina miaka mingi kuliko umri wa baba zenu wengi, na mazoea hayaachi: siwezi kuzungumza na kijana kabla sijaliona daftari lake.

Mimi ni Banza, yule mnayesikia akiitwa Prof Popo. Jina hilo nililipata kwa haki. Shule yetu haikuwa na mifupa ya kufundishia wala picha ukutani, basi nikawa natuma wanafunzi waniletee popo wale wakubwa wanaokula matunda. Nilichemsha popo, nikamchambua nyama, nikapanga mifupa ya bawa lake juu ya gazeti. Pembeni niliweka mifupa ya bawa la kuku wa Jumapili. Kisha nilimwita mtoto mmoja mbele, nikamshika mkono, nikaanza kuhesabu kwa sauti: mfupa mmoja juu, miwili chini, vifupa vya kifundo, halafu vidole. Popo hivyo hivyo. Kuku hivyo hivyo, ila vidole vimeshikamana. Kila mtu alikuwa anajipapasa mkono chini ya dawati.

Wenye kutaka kufundisha, shikeni hilo: msitupe mifupa ya kuku. Ichemsheni na majivu kidogo mafuta yatoke, ianikeni kivulini, maana juani inapasuka. Somo zima la uhai mnalo kwenye sahani, hata kama serikali haijawaletea kitu.

Siku hizi watu wananiuliza kama sikupata shida na Kanisa. Padri wetu hakuwahi kunisumbua. Aliyenijia ni katekista mmoja, mtu mpole, akasimama mlangoni pa darasa na kofia mkononi.

"Prof, bantu banasema asema unafundisha batoto kama Adamu alikuwaka na mukia. Iko kweli?"

Nikamjibu, "Baba, minyi sikumuonaka Adamu. Siku utamuona, umuangalie ku mugongo, halafu ukuye unielezee."

Alicheka mpaka akakaa kwenye dawati, na toka siku ile alikuwa akiniletea popo mwenyewe. Nasimulia haya mjue kwamba balaa langu halikutoka kwa watu wa dini. Lilitoka kwangu, na lilitoka kwenye neno moja la Kifaransa.

Baba yangu alikuwa évolué. Ninyi neno hili mnalisikia kwa wazee tu. Wakati wa Wabelgiji, Mwafrika aliyesoma kidogo, aliyekula kwa uma, aliyevaa suruali yenye pasi, aliweza kuomba kadi ya kuonyesha kwamba amestaarabika. Kabla ya kumpa, walikuja kuikagua nyumba. Walitazama kama kuna mashuka, kama watoto wanalala vitandani, kama choo kina kifuniko. Mama alituambia kwamba mzungu alifungua kabati akahesabu vijiko. Baba aliipata kadi, akaiweka kwenye fremu, na hata baada ya uhuru haikutoka ukutani. Évolué maana yake ni aliyeendelea, aliyepanda akafika. Wengine huko nyuma, kwa mawazo ya baba, walikuwa bado njiani.

Basi nilipofika chuo na kusikia neno évolution, mimi masikio yangu yalisikia kadi ya baba. Nilijifunza mambo ya seli, ya samaki waliotoka majini, ya wanyama wanaobadilika polepole mno hata hakuna jicho linaloona. Nilishinda mitihani yote. Lakini ndani ya kichwa changu neno lilibaki lile lile: kupanda na kufika. Nilirudi Kamina na diploma, na mwaka wa kwanza tu nikachora ubaoni ngazi yenye vidato vitano. Chini kabisa kiduara, yaani kiumbe cha seli moja. Juu yake samaki. Juu yake mjusi. Kidato cha nne makako, ndiyo nyani wetu. Kidato cha tano mtu, na mtu huyo nilimvika suruali na tai. Watoto walipiga makofi. Mmoja akapiga kelele, "Prof, huyu iko évolué!" Nikacheka, nikaona wameelewa. Nilichora ngazi ile kila mwaka, na kila mwaka tai ilipendeza zaidi.

Sasa nifike kwa Mujinga, na ninyi mliokulia kwenye Kiswahili cha mbali msicheke. Kwa Kiluba, Mujinga ni jina la heshima analopewa mtoto anayezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Kwamba kwa Kiswahili linasikika kama mtu asiye na akili, hilo ni utani wa dunia, maana sikuwahi kufundisha akili kama ile. Alikuwa Mtwa, wa wale wawindaji wa msituni ambao majirani wamezoea kuwadharau. Watu wake walikaa ng'ambo ya reli, mwendo wa saa mbili kwa mguu, wakichoma makaa na kuwinda kidogo. Masista walimwona akisoma maandishi kwenye magunia ya unga, wakamtafutia nafasi kwetu. Alivaa sare iliyofupishwa pindo mara tatu. Alikaa dawati la mbele, hakuzungumza na mtu, na aliandika kila kitu. Nikisema neno, analiandika. Nikichora, anachora, kwa rula, kwa kalamu mbili za rangi. Nikikohoa, nadhani aliandika pia.

Ilikuwa saa ya tano, joto limebana, darasa linasinzia. Nilikuwa nimemaliza ngazi. Kijana mmoja wa familia ya askari wa Base, ile kambi ya jeshi, mcheshi wa darasa, aliinua mkono.

"Prof, na Batwa, beko ku échelon gani, kidato gani?"

Nilijua jibu. Nataka mlijue hilo kwanza. Nilijua vizuri kabisa kwamba watu wote ni aina moja, nilikuwa nimeisoma na kuitolea mtihani. Lakini darasa lilikuwa limeamka, nyuso zote zilinitazama zikingoja, na mwalimu anayependa kuchekesha ana njaa isiyoshiba. Nikageukia ubao. Nikaweka alama ndogo ya chaki kati ya kidato cha nne na cha tano.

Walicheka sana. Nami nilicheka. Mujinga hakuinua kichwa. Alichukua rula, akachora alama ile kwenye daftari lake.

Baada ya likizo ya Pasaka hakurudi. Nilidhani ni homa, halafu nikadhani ameolewa, nikawa nafurahia kila sababu isiyonihusu. Madaftari ya darasa lote yalikuwa kwangu, niliyakusanya mwisho wa muhula na kuyasaini kama tunavyofanya sote, "Vu", yaani nimeona, na jina langu kila ukurasa, bila kusoma. Wiki ya tatu nikafungua la kwake. Vidato vyote alikuwa ameviandikia majina kwa Kifaransa: cellule, poisson, lézard, singe, homme. Pembeni ya alama yangu, kati ya singe na homme, aliandika kwa Kiswahili, herufi ndogo nzuri: *sisi*. Na chini yake, kwa wino mwekundu, nilikuwa nimeandika "Vu, très bien", vizuri sana.

Nikalifunga daftari. Nilimwambia mke wangu kwamba macho yanauma.

Mzee Kalenga, jirani yangu, alikuwa mstaafu wa reli. Maisha yake yote alifanya kazi moja, kugeuza reli pale zinapoachana, ili kila treni ishike njia yake. Kamina hapa njia zinaachana: moja kwenda Kananga, moja Kabalo, moja inashuka Luena na kuendelea mpaka Lubumbashi. Nilimweleza habari ya yule mtoto, na nikamweleza ngazi, nikitaka anifariji. Hakunifariji.

"Banza," akasema, "treni ya Kabalo, ilizaliwaka na treni ya Kananga?"

"Hapana, muzee."

"Inatokaka wapi?"

"Zote mbili zinatokaka hapa Kamina."

"Njo vile. Sasa juu ya nini unaambia batoto asema muntu alizaliwaka na makako? Balitoka fasi moja, reli ikaachana, kila moja na njia yake. Na treni ya Kananga haiko nyuma ya treni ya Kabalo. Iko kwa kwake." Kisha akaniuliza, bila ukali, "Na ule mutoto wa Batwa, ye alikuwa ku treni gani?"

"Ku ya kwetu, muzee. Behewa moja na sisi."

"Uliyajua?"

"Niliyajua."

Akatema mate pembeni, akaendelea kusuka kikapu chake. Mtu aliyeishia darasa la tatu alikuwa amenifundisha kwa dakika tano kile ambacho chuo kilinipa kwa miaka na mimi nikakizika chini ya kadi ya baba.

Nilipanda baiskeli nikaenda ng'ambo ya reli. Nilibeba chaki, ubao mdogo, na daftari lake nilirudishe. Baba yake alinipokea kwa adabu, akanipa kigoda. Mujinga alikuwa akipanga makaa kwenye gunia, mikono myeusi mpaka kiwikoni, na hakuacha kazi. Nilichora reli mavumbini. Nilieleza vizuri, nadhani sijawahi kueleza vizuri kama siku ile. Watu wote walisogea kutazama. Nilipomaliza, baba yake akakohoa.

"Prof, tumesikia. Lakini kule ku masomo muliandika asema sisi hatuyafika. Basi mutuache kwanza tufike. Tukiisha kufika, njo mutakuya kutuita."

Nilimtazama Mujinga. Akasema neno moja tu, akiangalia mchoro mavumbini: "Prof, ile siku ungechora hivi."

Daftari nilisahau kulitoa mfukoni. Nilifika nalo nyumbani.

Hapa ndipo mnisikilize kwa makini, maana ndilo kosa la pili, na la pili lilishinda la kwanza. Nilichukua wembe niukate ule ukurasa. Nikaugeuza. Nyuma yake kulikuwa na moyo. Mujinga alikuwa amechora moyo wa binadamu kwa rangi mbili, vyumba vyote vinne, milango yake yote midogo inayozuia damu isirudi, mishipa imeandikwa majina kwa rula. Sijaona mchoro wa moyo kama ule hata kwenye vitabu. Nikasema, siwezi kukata moyo huu. Nitafuta lile neno kesho. Lakini lilikuwa limeandikwa kwa bic, kalamu ya wino, na bic haifutiki, na kesho ilikuwa na kazi zake. Nikaliweka daftari kabatini.

Mliosoma somo la urithi mtaelewa nikiwaambia kwamba hata kwenye mwili mambo yanakwenda hivyo. Kitu kibaya hakihitaji nguvu yake chenyewe. Kikikaa jirani na kizuri, kwenye uzi mmoja, kitabebwa nacho kutoka mzazi hadi mtoto.

Mwaka mmoja nililazwa kwa ngiri, nikapasuliwa. Walimleta kijana kutoka Luena anishikie masomo, jina lake Ilunga, mwalimu mwenye bidii. Alinijia hospitalini akiomba notes. Vitabu hatukuwa navyo, mnajua wenyewe: mwalimu ana daftari, analisoma kwa sauti, watoto wananakili, na mmoja wa watoto hao akiwa mwalimu anasoma daftari lake kwa wengine. Nilikuwa nimelala, kidonda kinawaka, nikamwambia mke wangu kwa uvivu tu: mpe lile safi kuliko yote kabatini.

Alimpa la Mujinga.

Niliporudi kazini, Ilunga alibaki na madarasa mengine, na daftari lile sikulidai; mimi nilifundisha reli. Nilifundisha reli mpaka nilipostaafu, kwa chaki za rangi, kwa moyo wangu wote. Na nitawaambia kilichotokea, kwa sababu ni kichekesho. Reli zinahitaji rula, subira na ukurasa mzima. Ngazi inachorwa kwa dakika moja. Watoto wangu waliitazama reli ubaoni, wakaipenda, halafu jioni wakaazima daftari la darasa la Ilunga wakanakili ngazi. Kati ya picha mbili, moja ya kweli na moja rahisi, niliona kwa macho yangu ipi inazaa. Miaka yote nilifundisha jinsi uhai unavyochuja na kuchagua, na sikufikiri kwamba unaweza kuchagua vile.

Sina budi niseme pia nilichokipenda, msije mkadhani nilikuwa na uchungu siku zote. Nilipenda wazo hili: kwamba tope lilikaa muda usiohesabika likijipanga, likapata macho, likapata mkono, na mwishowe likapata kichwa kinachoweza kuuliza kimetoka wapi. Niliamini kwamba kiumbe kinachoweza kuuliza hivyo hakiwezi kubaki kibaya, ni suala la muda na shule. Leo siamini. Nimeona akili ikitumika kutafuta sababu za kile ambacho mtu ameshaamua. Nimejiona mimi, mwenye diploma, nikiitumia kuchekesha darasa. Popo hajawahi kumwambia popo mwenzake kwamba hajafika.

Mwaka huu, nikiwa nimeketi barazani namenya mihogo na mke wangu, mwanamke aliingia uani na msichana wa sare. Nilimjua kwa namna alivyosimama.

"Jambo Prof. Minyi Mujinga."

Mke wangu alimpa kiti. Alikuwa amekonda, kitambaa safi kichwani, anauza makaa pale karibu na stesheni. Yule msichana alikuwa bintiye, Numbi. Alikuwa amempeleka shule, shule ile ile, dawati la mbele. Hakunipa lawama yoyote, alitoa daftari la mwanawe akalifungua magotini pangu.

Ngazi. Vidato vitano. Mtu amevaa tai. Alama kati ya nne na tano, na pembeni herufi kubwa zenye nukta: S.I.S.I. Chini yake maelezo yaliyosomwa na mwalimu na kunakiliwa: *Stade Intermédiaire Sans Intelligence*, yaani hatua ya kati isiyo na akili. Na chini kabisa, kwa wino wa bluu, kama sehemu ya mchoro, Numbi alikuwa amenakili kwa uaminifu "Vu, très bien" na saini yangu.

"Prof," Mujinga akasema, "huyu mutoto hajue ni nani aliandikaka hii. Sikumuambia. Weye umuambie."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pale mbele ya mihogo, pamoja na kicheko changu. Numbi alisikiliza kama mamaye alivyokuwa akisikiliza, kichwa chini. Akauliza swali moja, akiniita babu kwa lugha ya huku: "Kambo, sasa ulikuwa unacheka nini?"

Tulikwenda shuleni sote watatu. Ilunga sasa ni mtu mzima mwenye mvi, akanipokea kwa heshima zote, akatoa ndani ya mkoba wake daftari lililofunikwa karatasi ya mfuko wa simenti. Lilikuwa lile lile. Nilipomweleza kwamba *sisi* ni sisi, neno la Kiswahili, na lilivyoandikwa, aliketi.

"Mama, unisamehe. Majina ingine yote ilikuwa ku Kifaransa, nikawaza asema na ile ni ufupisho wa Kifaransa, nikatia nukta. Mutoto moja aliniuliza asema S.I.S.I. inasema nini. Minyi sikuyua. Na mwalimu hawezi kusema mbele ya batoto asema hajue. Nikatafuta maneno yenye kuenea."

Nisingeweza kumkasirikia. Ningefanya vile vile, nilishafanya vibaya zaidi. Mujinga alilichukua daftari lake, akaugeuza ukurasa ule, akautazama moyo. Alipitisha kidole kwenye mishipa. Kisha akamwita Numbi aone. "Angalia. Moyo wako kule ku kaye, ku daftari yako, hauna milango. Damu itarudia nyuma." Numbi akacheka kidogo. Ndiyo mara pekee niliyowasikia wakicheka.

"Niko naomba kaye yangu," Mujinga akamwambia Ilunga.

"Iko yako, mama. Lakini nikikupa, kesho nitafundisha batoto na nini?"

Akafikiri. Akamrudishia. Ilunga aliapa kwamba kesho yake atalifuta neno lile ubaoni mbele ya darasa, na alifanya hivyo, wanafunzi walinithibitishia. Nami kila Jumatano alasiri Numbi alikuja kwangu nikamfundisha reli, na mifupa, na mahali ambapo watu wote wapo behewa moja. Sijapata furaha kama zile Jumatano tangu nistaafu. Nilianza kuamini tena. Mniwie radhi kwa hilo.

Mwisho wa mwaka wa shule ukaja mtihani wa pamoja wa shule kadhaa, uliotungwa na walimu wa huku na wa Luena. Ilunga alikuwa amefuta kwa wanafunzi wake, lakini notes zake zilikuwa zimekwisha panda treni miaka mingi nyuma. Swali la sita: *Eleza S.I.S.I. na uonyeshe mahali pake kwenye ngazi.*

Numbi alilijua jibu lililotakiwa. Alikuwa amelinakili kwa mkono wake. Aliandika hivi, nimeiona karatasi: *S.I.S.I. haina nukta. Ni neno la Kiswahili. Liliandikwa na mama yangu, siku mwalimu alipocheka. Mahali pake ni kidato cha tano, na ngazi haipo.*

Aliyesahihisha hamjui Numbi wala mama yake. Aliweka sifuri, na pembeni, kwa wino mwekundu, aliandika *hors sujet*, yaani hiyo si hoja yetu. Kwa swali lile Numbi alikosa alama za kupanda darasa.

Mujinga aliniletea karatasi mwenyewe. Aliiweka mezani, akailainisha kwa kiganja ili isijikunje. "Prof, aliandika kweli," akasema. Nikasema ndiyo, aliandika kweli. Nikasema nitakwenda kwa mkuu wa shule, kwa inspekta, nitaandika barua. Akanisikiliza mpaka nimalize. Halafu akaniambia Numbi yuko ng'ambo ya reli na babu yake, anajifunza kufunika tanuru la makaa, na kwamba ana mkono mzuri.

Barua nimeandika. Hazijajibiwa, na mimi sasa nina miaka ya mtu asiyengoja majibu. Ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Sasa fungueni madaftari. Tafuteni somo la évolution. Kama kuna ngazi, na kati ya kidato cha nne na cha tano kuna alama, yenye nukta au bila nukta, alama ile ni yangu mimi Banza, na mkono ulioinakili kwanza ni wa mtoto aliyeniamini. Msijaribu kuifuta, ni bic. Urarueni ukurasa wote. Mkiugeuza mtakuta moyo, umechorwa vizuri mno, na mtasita kama nilivyosita.

Rarueni hivyo hivyo.